Mchunga Ng'ombe wa Melini

Mimi ni Mgogo wa Haneti na kazi yangu ni kupiga mbizi baharini. Nimeshazoea kinachofuata nikisema hivyo. Kwanza mtu hucheka, kisha huniangalia kama naumwa, mwisho huuliza kama siku hizi Haneti kuna bahari. Haneti hakuna bahari. Kuna lambo moja ambalo likijaa tunalishukuru kanisani, na likikauka tunapanda mchicha katikati yake. Huko ndiko nilikojifunza kuogopa maji, na hofu hiyo sijaiacha hadi leo. Naenda nayo kazini kila siku, pamoja na chakula cha mchana.

Nilianza kama fundi wa kuchomelea Dodoma mjini, kwenye karakana ya mzee mmoja Mhindi aliyekuwa akitengeneza mageti. Mzee huyo alikuwa na binamu yake Dar es Salaam anayekata meli mbovu, na binamu akaomba atafutiwe fundi asiyekunywa pombe. Wakati huo sikuwa nakunywa kwa sababu ya vidonda vya tumbo, lakini hakuna aliyeuliza sababu. Nikapelekwa. Nilipokuwa nimekata za kutosha zilizo juu ya maji, waliniuliza kama naweza kukata na zilizo chini. Nikauliza tofauti ni nini. Wakasema ni maji tu.

Watu hudhani mpiga mbizi lazima ajue kuogelea. Mimi naogelea kama jiwe la kusagia. Sisi wa vyuma hatuelei. Tunavalishwa kofia kubwa na mkanda mzito kiunoni, mpira wa hewa unakufuata nyuma, unashushwa hadi chini, na ukifika unatembea kwa miguu yako kama mtu anayekwenda shambani. Juu kuna mwenzako ameshika kamba. Ukiivuta mara moja, maana yake uko salama. Ukiivuta mfululizo, hauko salama. Yaliyobaki ni kuchomelea na kukata kama kule kwa Mhindi, isipokuwa huku samaki wanakuja kukuangalia na hawaulizi geti litakuwa tayari lini.

Nyumba yangu iko Miyuji, hapo Dodoma mjini. Mke wangu ni Mrangi wa Kondoa, mtu wa mipango, na mipango yake mingi inahusu mimi kuacha kazi hii. Mwaka ule ninaousimulia, bibi mzaa mama alikuwa anakaa nasi kwa ajili ya matibabu ya macho. Daktari wa macho alisema yatapona. Daktari wa moyo hakusema kitu, alibadilisha dawa tu.

Bibi aliniita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume, na mke wangu bibi alimwita mke mwenza. Walikuwa wakigombania redio. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini na ulimi ambao haukuhitaji matibabu. Kitu kimoja kilimchosha kuliko macho, nacho ni kuamkiwa. Mtaa mzima wa Miyuji, kila apitaye mbele ya kibaraza, shikamoo bibi, shikamoo bibi, naye marahaba, marahaba, kama anafukuza nzi.

"Nimechoka kuitika," aliniambia siku moja. "Wote niliokuwa nikiwaamkia mimi wamekwisha. Nimebaki wa kupokea tu."

Nilimwambia ndiyo heshima hiyo. Akasema heshima ya upande mmoja inaumiza shingo.

Ili jambo hili lieleweke lazima niseme habari za baba yake, ambazo nyumbani kwetu zilikuwa zikisemwa kwa ufupi sana kwa sababu hazikuwa na mwisho. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ilikuwa inakusanya ng'ombe huku kwetu ili askari wapate nyama. Walikusanywa Mpwapwa. Ng'ombe hasafiri peke yake, kwa hiyo walichaguliwa na watu wa kwenda nao, na kutoka Haneti walichaguliwa wawili, baba yake bibi na jirani yake. Walipanda treni pamoja na ng'ombe hadi pwani. Pale bandarini jirani alishikwa na homa akaachwa. Baba yake bibi aliingia na ng'ombe kwenye meli ya mizigo, ya mvuke, akaenda. Bibi wakati huo alikuwa mgongoni kwa mama yake.

Jirani alipopona alirudi Haneti akawaambia wazee kwamba kule bandarini walisema meli ile imepigwa na adui na imezama upande wa kusini.

Wazee wakamuuliza, "Wewe uliona?"

Akasema hakuona.

Mambo yakaishia hapo. Kwenye ukoo wetu msiba unaletwa na aliyeona. Kama hujaona maiti, basi uone mahali alipolala, uje useme mbele ya watu: nimeona. Uvumi hauzikwi. Kwa hiyo hakukuwa na matanga. Mama yake bibi hakunyoa nywele, hakurithiwa, hakuolewa na mwingine, kwa sababu alikuwa mke wa mtu aliye safarini. Bibi hakupata baba wa kambo. Wamisheni walipokuwa wakigawa blanketi kwa yatima alirudishwa nyumbani, kwa kuwa baba yake hakuwa amekufa. Mama yake alisubiri mpaka na yeye akafa, na kwa upande wake walioona walikuwa wengi, akazikwa vizuri.

Kuna jambo lingine dogo. Kwetu jioni, mtoto akirudi na mifugo, baba haulizi kama umeshinda na njaa au umechomwa na miiba. Anauliza, "Ng'ombe wamerudi?" Unajibu, "Wamerudi, baba. Wote." Ndipo unapewa uji. Bibi alitulea sisi wajukuu kwa swali hilo, kila jioni, hata tulipobakiwa na mbuzi watupu. Yeye mwenyewe utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake pale pale Haneti, na alikuwa akirudi jioni bila mtu wa kumuuliza.

Basi nikiwa likizo Miyuji, nilitaja wakati wa chai kwamba kampuni yetu imepata kazi ya kukata meli ya wakati wa vita iliyozama kusini, meli ya mizigo ya mvuke, ili kutoa shaba na vyuma vyake. Nilikuwa namweleza mke wangu kwa nini nitachelewa kurudi. Bibi akaweka kikombe chini.

"Ilibeba nini?"

"Wanasema saruji, bibi."

"Na ng'ombe?"

"Sijasikia ng'ombe."

Alikisogeza kikombe pembeni. Halafu akasema, "Nenda ukaone, mume wangu. Ukiona, njoo useme mbele ya watu. Usipoona usiniambie umeona, mimi si mtoto wa kubembelezwa. Nataka kumzika baba kabla hamjanizika mimi. Siwezi kwenda kulala pale Haneti kabla ya mwenye boma. Nitakuwa nimelala kwa nani?"

Mke wangu alisema kwamba bibi hafi leo. Bibi akamwambia hilo yeye hajaliona, kwa hiyo asilisemee.

Meli ilikuwa imelala ubavu, mbali kidogo na pwani, mahali ambapo maji ni ya rangi ya chai ya maziwa. Tishari letu lilikaa juu yake na winchi na mitungi ya gesi. Wenzangu walikuwa watu wa Tanga na Pemba, waliozaliwa wakiwa wamelowa, nao walinitania kila asubuhi kwamba Mgogo akishuka chini kina cha bahari kinapungua kwa sababu anaogopa na kunywa. Tulianza na propela, kwa kuwa ilikuwa ya shaba. Kisha mabomba ya chumba cha injini. Boila tuliiacha, ilikuwa imegeuka kijiji cha samaki aina ya changu.

Stoo ya mbele ilikuwa kweli na saruji. Mifuko yenyewe ilikuwa imeoza zamani, lakini saruji ilishika umbo la mifuko, na mikunjo yake, na mahali iliposhonwa mdomoni, ikapangwa kama inasubiri kushushwa. Nilitembea juu yake. Nilifikiria kwamba hakuna mtu aliyewahi kupata saruji imara kiasi hiki na asijenge chochote.

Stoo ya nyuma waliniachia mimi. Haikuwa na mzigo. Tope lilifika magotini, na taa yangu ilionyesha mahali mkono ulipo na si zaidi. Nikapapasa ukuta kutafuta pa kuanza kukata, na mkono ukakuta pete ya chuma. Nikasogea, nikakuta nyingine. Zilikwenda mstari mmoja, kwa nafasi moja, na meli ingekuwa imesimama wima zingekuwa usawa wa kifua changu. Mtu wa Tanga aliyepita pale kabla yangu alikuwa amesema ni za kufungia mizigo. Mimi nimefunga ng'ombe tangu nikiwa na meno ya utoto. Mkono wangu ulijua ule usawa ni wa shingo ya nani.

Nilizima moto wa kukatia. Nilishikwa na woga ambao haukuwa wa maji. Nilikuwa nimesimama zizini, usiku ule wa mchana, na mwenye zizi alikuwa humo humo au hakuwamo, na nisingeweza kujua. Nilitafuta kwa mikono. Hakukuwa na mfupa, si wa mtu wala wa mnyama, kulikuwa na tope tu. Juu wakaona nimekaa kimya mno, wakaivuta kamba kuuliza. Nikavuta mara moja kujibu kwamba niko salama, ingawa sikuwa na hakika nasema kweli.

Pete si mtu. Nilijua nikimpelekea bibi pete ataniuliza kama zina miguu.

Siku ya mapumziko nilikwenda kwenye kijiji cha pwani kutafuta mboga za majani, maana tishari zima lilikuwa linaishi kwa samaki na mimi tumbo langu ni la mlenda. Kati ya minazi nikakuta ng'ombe. Ni wachache, wadogo, wenye nundu, wamekonda kwa kula majani yenye chumvi, lakini nilisimama kama nimekutana na jirani. Pwani ile yote sikuwa nimeona ng'ombe. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima sana aliyekuwa anasuka ukili mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Hawa ng'ombe asili yao wapi?"

"Hawa wa baharini," alisema, kama mtu anayesema hawa wa sokoni.

Akanieleza. Mama yake alikuwa msichana wakati wa vita. Kulisikika kishindo baharini, na asubuhi ng'ombe wakatoka majini wakitembea, wakapanda ufukweni wakasimama. Kijiji kizima kilikimbia, wakidhani ni mashetani ya baharini. Aliitwa shehe kuwasomea. Alipokuwa anasoma ng'ombe mmoja akanya, na shehe akafunga kitabu akasema hawa ni ng'ombe. Siku hiyo hiyo mabaharia walifika na mashua zao, wakachukuliwa na serikali. Ng'ombe wengi walichukuliwa pia, lakini wengine walikuwa wamekwishaingia msituni, na hao ndio babu zao hawa.

"Walikamatwaje?" niliuliza. Niliuliza kwa sababu ya ufugaji, sikuwa na nia nyingine.

"Kwa taabu! Mama alikuwa akisema taabu yenyewe ndiyo hiyo, hawana kamba. Hakuna hata mmoja aliyekuja na kamba shingoni. Utamshika wapi? Sisi watu wa nyavu, wakawatupia nyavu."

Nikanunua mchicha, nikamshukuru, nikaenda zangu. Nilikuwa nimepata kitu na sikujua kama nimekipata. Kabla hatujamaliza stoo ya nyuma niliteremsha ndoo ya rangi yenye mfuniko, nikaijaza tope la chini ya zile pete. Msimamizi aliuliza ni nini. Nikamwambia ni ya nyumbani. Akasema isikae karibu na jiko.

Nilirudi Dodoma kwa treni hii mpya ya umeme. Kituoni mkaguzi aliipitisha ndoo kwenye mashine yake, akaiangalia, akafungua mfuniko, akaufunga haraka. Nikamwambia ni udongo wa msiba. Akasema pole sana, akaibeba mwenyewe hadi mlango wa behewa. Babu alikwenda kwa treni, anarudi kwa treni, niliwaza, na safari hii amepewa siti. Ndoo ilikuwa imekaa karibu na dirisha. Watu wa nyuma yetu walihama.

Mke wangu aliipokea kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa puani. Kulikuwa na majadiliano. Mwishowe babu aliwekwa kwenye banda la kuku, na mke wangu anashikilia mpaka leo kwamba kuku waliacha kutaga kwa ajili yake.

Bibi alikuwa amekaa kibarazani na miwani yake mipya. Nilimsimulia yote kwa utaratibu, nisiongeze wala nisipunguze. Saruji aliisikia bila hamu. Pete alizisikia, akauliza kama zina miguu. Mifupa nikamwambia hakuna. Nikaona uso wake unajifunga, kama mtu anayeanza kutoa radhi kwa aliyeshindwa. Ikabidi nimalizie na habari za mama wa pwani na ng'ombe wake, maana ndizo zilizokuwa zimebaki, na nilikuwa nazisema kama kichekesho.

"Rudia hapo," alisema.

"Wapi?"

"Kamba."

"Hawakuwa na kamba. Hata mmoja."

"Melini ng'ombe hawafungwi?"

"Wanafungwa, bibi. Pete nimezishika."

"Bomu halifungui mafundo," alisema bibi.

Mke wangu alikuja karibu akaketi.

"Na baharia hafungui ng'ombe, baharia anafungua mashua." Alikuwa ameinama mbele, anazungumza na sakafu. "Angekuwa mtu wa haraka angefungua kwenye pete. Ng'ombe wangekuja na kamba shingoni zimening'inia. Kamba hiyo kwenye maji inamnasa miguu, anakufa. Kwa hiyo ukitaka aishi unafungua shingoni. Mmoja mmoja. Wamesimama gizani, wanapiga mateke, maji yanaingia. Unafungua shingoni." Akaonyesha kwa vidole, fundo halisi, tunalolifunga sote. "Hiyo inachukua muda. Mtu wa kwetu hatoki zizini ng'ombe wakiwa ndani."

Halafu alilia. Nilikuwa sijawahi kumuona akilia, na sikujua nikae au niondoke. Nililia na mimi, kwa sababu nilikuwa nimesimama mahali pale pale nikatafuta mifupa, na jibu lilikuwa ni kamba ambazo hazipo. Mke wangu alitukumbatia wote wawili kwa hasira, kama watoto waliocheza kwenye mvua.

Bibi alipomaliza alijifuta, akavaa miwani.

"Mke mwenza," alisema, "niletee wembe."

Akanyolewa pale pale kibarazani. Ukoo ulisubiri maisha mazima ya mtu ili kunyoa, na aliyenyoa ni Mrangi.

Haneti msiba ulikuwa mgumu kuendesha. Watu walikuja wengi, lakini hawakujua wampe bibi pole ya namna gani, ya msiba mpya au ya zamani. Wengine walisema pole kwa msiba na hongera kwa kupona macho katika pumzi moja. Mchungaji aliuliza kama marehemu alibatizwa. Hakuna aliyejua. Akasema atamwombea kama msafiri. Nilisimama mbele ya watu nikasema nimeona, nikaeleza nilichokiona, na wazee wakaitikia. Kisha wakaanza kubishana kuhusu kaburi. Wengine walisema kwa ndoo moja shimo dogo linatosha. Bibi akatuma neno kutoka ndani kwamba baba yake hakuwa ndoo, alikuwa mrefu. Likachimbwa shimo la mtu mzima, ndani ya boma lake, kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, na waliochimba walimlaumu marehemu kwa kutorudi wakati wa masika.

Hapo ndipo bwana mifugo alipoingia kaburini.

Bwana mifugo wa Haneti ni Mhehe wa Iringa aliyesomea mifugo Mpwapwa, akapangiwa kwetu, akazeekea kwetu. Kwa kuwa Wahehe na Wagogo ni watani, hakuna msiba unaokamilika bila yeye kuuvuruga. Kwa shangazi yangu alilala kaburini mpaka akapewa jogoo. Kwa mzee mwingine alivaa kanzu ya marehemu akapita akisalimia wajane. Tunamtegemea. Mtani asipokuja, watu husema marehemu hakuwa na maana.

Aliruka ndani, akajinyoosha chali, akajifunika uso kwa kofia.

"Maiti ni mimi!" alipiga kelele kutoka chini. "Hiyo ndoo nendeni mkasiribie jiko! Tangu lini Mgogo akafia majini? Mgogo anafia mlangoni kwa watu akiomba chumvi!"

Watu walicheka. Tulihitaji kucheka.

"Toka, mtani," nilimwambia. "Jogoo wako yupo."

"Jogoo! Mnaniletea jogoo na mna ng'ombe wanaojua kuogelea? Sitoki. Nataka dume mmoja kati ya wale wa baharini, na ndama wake akiwa na mapezi. Mimi ndiye babu yenu. Nimetoka mbali, nimelowa, nileteeni blanketi."

Aliletewa majani. Alirusha majani nje. Wazee walimbembeleza, yeye akakoroma. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri sana.

Bibi akatoka ndani. Alikuja polepole na fimbo yake, kichwa kimenyolewa, kinang'aa kwa jua, na watu wakampisha. Tulidhani anakuja kumtukana bwana mifugo, kama wanavyotukanana siku zote. Alifika ukingoni, akashika mkono wangu akakaa chini kwenye udongo uliochimbuliwa, akaangalia chini. Mtu alikuwa amelala pale, mrefu, uso umefunikwa kofia.

"Shikamoo, baba," alisema bibi.

Kicheko kilikatika. Bwana mifugo angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Kumwitika marahaba mwanamke wa umri ule, kwetu, ni kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hakifanyi hata kwa utani. Niliona kofia inapanda na kushuka kwa pumzi yake.  Nilidhani atainuka na kuomba radhi.

"Marahaba, mwanangu," alisema kutoka chini ya kofia. Haikuwa sauti yake ya misibani.

 Bibi alikuwa amekaa tu anasubiri, mikono mapajani, kama mtoto aliyefika mlangoni jioni. Na bwana mifugo, aliyefanya kazi ya ng'ombe kwetu maisha yake yote na kunywa uji kwenye maboma yetu yote, alijua kinachofuata ni nini.

"Ng'ombe wamerudi?" aliuliza.

"Wamerudi, baba," alisema bibi. "Wote."

Hawakuwa wote. Mama wa pwani alisema wengi, hakusema wote, na mimi ndiye niliyeleta habari. Nilinyamaza.

Bwana mifugo alikaa, akavaa kofia yake, akanyoosha mkono nikamvuta nje. Alikuwa na udongo mgongoni mzima. Hakuomba jogoo. Aliichukua ndoo mwenyewe, akashuka nayo tena taratibu, akalimimina tope kuanzia upande wa kichwa, akalisawazisha kwa viganja mpaka miguuni. Halikutosha, ilibidi alitandaze jembamba.

Bibi aliishi hadi masika yaliyofuata. Tulimzika kando ya baba yake. Jogoo wa safari ile bwana mifugo alikuja kumdai siku hiyo, pamoja na wa pili, na tukampa wote wawili.